Simu ilisema jua, Gikomba ikaloa: nani anapima anga letu?

Jumamosi moja ya msimu wa mvua ndefu nilitoka keja saa kumi na moja asubuhi nikiwa na gunia la viatu vya mtumba na imani tele. Simu ilikuwa imenichorea jua dogo la manjano kuanzia asubuhi hadi jioni, na chini yake asilimia 10 ya mvua. Kumi ni nini? Nikapanga viatu juu ya kadibodi pale Gikomba, vile vya swedi mbele kabisa kwa sababu ndivyo wateja hushika kwanza.

Saa nane na kitu, maji yakamwagika. Si manyunyu, ni maji. Robo saa baadaye nilikuwa nimesimama juu ya benchi la mama wa chai nikitazama jozi tatu zikielea kuelekea mtoni. Swedi ikishaloa maji ya Gikomba hairudi tena kuwa swedi. Hasara yangu ilikuwa Sh4,300, na kwa mtu anayeanza na gunia moja, hiyo ni kodi ya nyumba imetoboka.

Jirani yangu, mzee anayeuza mishipi, alikuwa ashafunika bidhaa zake kwa nailoni tangu saa sita. Nilimuuliza alijuaje. "Joto," akanijibu bila kuinua macho. "Joto la leo lilikuwa la mvua, kijana."

Najua, najua. Asilimia 10 si sufuri. Katika siku kumi za aina ile, moja itanyesha, na huenda mimi niliangukia hiyo moja. Lakini usiku ule, nikiwa nimeanika viatu juu ya jiko la makaa, swali lilinikataa usingizi: hiyo 10 ilitoka wapi? Mzee alikuwa na kipimo kimoja, ngozi yake, na kilikuwa pale pale sokoni. Simu ilikuwa na kipimo gani cha Gikomba?

Niseme mapema kwamba mimi si mtaalamu wa hali ya hewa. Chuo niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda. Ila kusoma sikuacha, na bando la usiku ni bei rahisi. Niliyoyapata yalinifanya niache kuitukana ile programu na kuanza kuuliza maswali mengine kabisa.

Kwanza, programu nyingi za simu hazipimi chochote. Zinachukua hesabu zilizofanywa na kompyuta kubwa mno za vituo vichache duniani. Wamarekani wana yao, inaitwa GFS. Nchi za Ulaya zina kituo cha pamoja, ECMWF, chenye makao Reading, Uingereza, na kompyuta zake ziko Bologna, Italia. Hizi kompyuta zinaigawa dunia nzima kwa vijisanduku, halafu zinapiga hesabu ya kila kijisanduku: hewa iko joto kiasi gani, ina unyevu kiasi gani, upepo unaelekea wapi. Hesabu hizo ndizo zinaitwa modeli.

Kijisanduku cha Ulaya kina upana wa kilomita 9 hivi. Cha Marekani ni kama kilomita 13. Sasa chukua kaunti ya Nairobi, kilomita mraba karibu 700. Kwa vipimo vya Ulaya, jiji lote hili linaingia kwenye vijisanduku tisa hivi. Gikomba, Eastleigh, Mathare na katikati ya jiji vyote vinaweza kutoshea ndani ya kimoja. Na wewe unajua mvua ya hapa: South B watu wanaogelea, Kasarani vumbi linapaa. Wingu lililonimaliza mimi huenda halikuwa pana hata kilomita tano. Modeli ya namna hiyo inajaribu kumwona mbu ikitumia darubini ya kutazama ndovu.

Lakini upana wa kijisanduku ni nusu ya mambo. Nusu ile nyingine ndiyo iliyonishtua.

Fikiria mwenye duka la mtaani. Kila asubuhi hahesabu duka zima upya. Anachukua daftari la jana, anakadiria kilichouzwa usiku, kisha anapita akiangalia rafu na kurekebisha: sukari imebaki pakiti nane, si kumi, unga uko sawa. Modeli inafanya hivyo hivyo. Inaanza na makisio yake yenyewe ya saa chache zilizopita, halafu inayasahihisha kwa vipimo halisi vilivyoletwa kutoka ardhini, baharini, kwenye ndege, kwenye maputo na kwenye setilaiti. Baada ya hapo ndipo inasonga mbele kukuambia kesho kutakuwaje.

Je, kama kuna rafu hakuna mtu anayeipitia? Daftari halitaacha nafasi wazi. Litaendelea kuandika makisio, jana juu ya juzi, leo juu ya jana, na mwandiko utakuwa safi tu. Ndivyo lilivyo lile jua la manjano kwenye simu. Mchoro wake ni ule ule London, ambako anga linapimwa kila kona, na ni ule ule Gikomba. Hakuna alama inayokwambia, "Hapa tunabahatisha zaidi kuliko kule."

Na rafu yetu, wasee, haipitiwi vya kutosha. Takwimu ambayo hutajwa sana ni ya rada za hali ya hewa, zile mashine zinazoona mvua ikiwa bado hewani na kuifuata kilomita kwa kilomita. Ulaya ina 345. Amerika Kaskazini ina 291. Afrika nzima, kuanzia Cairo hadi Cape Town, ina 37. Afrika ni kubwa mara tatu ya Ulaya.

Mtu atasema, si kuna setilaiti? Ziko, na bila hizo tungekuwa gizani kabisa. Sehemu kubwa ya data inayoingia kwenye modeli leo inatoka kwa setilaiti. Ila setilaiti inatazama kutoka juu. Inaona kichwa cha wingu vizuri sana. Kinachotokea chini ya wingu, unyevu ulioko mita mia chache juu ya mabati yetu, upepo wa pale katikati, hapo inaanza kupapasa. Ulaya ilirusha setilaiti moja mwaka wa 2018, Aeolus, iliyopima upepo kwa miale ya leza kutoka angani, na ukanda wa tropiki ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizofaidika. Ikamaliza kazi yake 2023, ikateketezwa ikirudi ardhini.

Kwa hivyo bado tunahitaji kitu cha kizamani: puto.

Ukipita Dagoretti Corner kwa mathree za Ngong, kuna makao ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa pale Ngong Road. Wengi wetu tunapajua kama stendi tu. Lakini katika orodha ya vituo vya dunia vya kurushia maputo, pale pana namba yake, 63741, na mtafiti aliye Japani anaweza kuitafuta aone anga la Nairobi lilikuwaje siku fulani. Puto linajazwa gesi, linafungiwa kifaa chepesi unachoweza kushika kwa mkono mmoja, linaachiliwa. Linapanda kama mita 300 kila dakika. Njia nzima kifaa kinatuma ujumbe kwa redio: halijoto, unyevu, shinikizo la hewa, upepo. Baada ya saa mbili hivi kimefika kilomita 30 au zaidi, karibu mara tatu ya kimo cha ndege ya abiria. Huko juu puto linavimba hadi linapasuka, na kifaa kinaanguka na mwavuli wake mdogo, mara nyingi kisionekane tena.

Ratiba ya dunia ni mara mbili kwa siku, na maputo yote yanalenga saa zile zile ili picha ya anga ichukuliwe kwa mpigo mmoja. Kwa saa zetu hiyo ni saa tisa usiku na saa tisa mchana. Kwa hivyo kuna watu duniani ambao kazi yao ni kuamka usiku wa manane kuachilia puto, na mimi hapa nilidhani utabiri unatoka ndani ya simu.

Thamani ya kupima ukiwa pale pale ilionekana vizuri kule Turkana na Marsabit. Mwaka wa 1982 wanasayansi wawili, Kinuthia na Asnani, waliandika katika jarida la kisayansi kwamba wamegundua mto wa upepo kaskazini mwa Kenya. Upepo huo unabanwa kati ya milima ya Ethiopia na milima yetu, unapita kwa kasi karibu na ardhi kuelekea kaskazini magharibi. Wenyeji walikuwa wanaujua tangu zamani, bila shaka, hawakuhitaji jarida. Ni upepo huo huo unaozungusha yale mapangaboi 365 ya Loiyangalani, mradi wa megawati 310 uliozinduliwa 2019.

Basi, mwaka wa 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wakishirikiana na Wakenya walienda kurusha maputo kule Marsabit, mengi, usiku na mchana, kwa wiki kadhaa. Walipolinganisha vipimo vyao na rekodi za anga zilizotengenezwa na kompyuta, wakakuta kompyuta zilikuwa zinaonyesha upepo huo ukiwa dhaifu kuliko ulivyo. Mto mzima wa upepo, wa kuendesha mradi mkubwa wa umeme, na daftari la dunia lilikuwa limeupunja.

Usidhani hilo ni jambo la Marsabit pekee. Upepo ule unabeba unyevu wa Bahari Hindi kuuingiza bara. Ukikosea nguvu yake umekosea pia kiasi cha unyevu kinachopita, na kwa hivyo mvua itaanguka wapi na wapi patabaki kavu. Mfugaji wa Marsabit anayeuliza kama msimu utakuja anajibiwa na modeli hizo hizo.

Sasa ingiza akili unde, hii wote tunaita AI. Miaka mitatu minne iliyopita mambo yamebadilika kwa kasi. Mwaka wa 2023 Google DeepMind ilitoa GraphCast, Huawei ya China ikawa na Pangu-Weather, na Februari 2025 kile kituo cha Ulaya kikaanza kutumia rasmi modeli yake ya AI sambamba na ile ya kawaida. Hizi hazipigi hesabu ndefu za fizikia. Zinasoma historia: zinapewa rekodi za hali ya hewa za miongo kadhaa na kujifunza kwamba anga likikaa hivi leo, kesho huwa vile. Kazi iliyokuwa ikihitaji kompyuta kubwa kwa muda mrefu inamalizika kwa dakika chache.

Mimi hupenda AI, sitadanganya. Hata viatu vyangu huandikia maelezo nayo. Lakini kitabu ambacho modeli hizi zimesoma ni kile kile. Historia waliyofundishiwa, inayoitwa ERA5, ni daftari lililojazwa vipimo pale vilipopatikana na makisio pale visipokuwa. Ulaya imejaa vipimo. Kwetu kuna kurasa nyingi za makisio. AI ikijifunza kutoka kwa ukurasa ambao umepunja upepo wa Turkana, itajua upepo uliopunjwa, na itausema kwa ujasiri. Mwanafunzi mwerevu aliyenakili noti zenye makosa anafeli swali lile lile na aliyezinakili mjinga.

Hata hivyo kuna kitu kimoja cha maana kimekuja. Machi 2025 Google ilianza kuonyesha kwa Afrika utabiri wa mvua wa saa 12 zijazo, unaofanywa upya kila baada ya dakika 15, kwa vipande vya kilomita 5. Kwa sababu rada hatuna, wamefundisha AI yao kutumia setilaiti. Kwa mtu wa Gikomba hiyo ndiyo aina ya utabiri unaofaa. Sihitaji kujua Jumanne ijayo. Nataka kujua saa saba mchana kama saa nane nitafunika. Nimeitumia. Mara nyingine imenisaidia, mara nyingine imenipeleka vibaya. Bado mtu wa kuisahihisha ni yule aliye na kipimo cha mvua ardhini, na kipimo hicho lazima kiwe hapa, hakiwezi kukaa California.

Labda hapa utasema, basi tuwaachie wenye pesa watupimie. Mwaka wa 2025 ulionyesha ubaya wa hilo. Marekani ilipopunguza wafanyakazi wa serikali, idara yao ya hali ya hewa ilisimamisha maputo katika baadhi ya vituo kwa kukosa watu: Kotzebue kule Alaska mwezi wa Februari, kisha Omaha na Rapid City mwezi wa Machi. Nchi tajiri kiasi hicho. Miaka mitano kabla, janga la corona lilipoziweka ndege chini, ripoti ambazo ndege hutuma zikiwa safarini kuhusu upepo na halijoto zilipungua vibaya. Kituo cha Ulaya kilihesabu upungufu wa asilimia 65 juu ya Ulaya katika wiki tatu za Machi 2020. Hewa haiulizwi visa. Ile itakayokuwa juu ya Nairobi wiki ijayo, leo iko mahali pengine, juu ya Bahari Hindi au juu ya misitu ya Congo, na anayepima huko ndiye anayenitabiria mimi. Anayeacha kupima ananipunguzia pia.

Kwa hivyo, inagharimu ngapi sisi kupima chetu? Puto moja na kifaa chake hukadiriwa karibu dola 200, tuseme Sh26,000. Mawili kwa siku, siku 365, ni safari 730. Hiyo inakuja Sh19 milioni kwa mwaka kwa kituo kimoja, kabla ya mishahara na umeme. Nilipofika kwenye jibu hilo nilicheka, kwa sababu ni bei ya gari moja jipya la mheshimiwa, lile jeusi linalotupigia king'ora Thika Road.

Mwaka wa 2021 nchi wanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, zilikubaliana kiwango cha chini kabisa: kituo cha ardhini kila kilomita 200 kinachotuma data kila saa, na kituo cha maputo kila kilomita 500, mara mbili kwa siku. Kwa ukubwa wa Kenya, mimi napiga hesabu ya vituo viwili au vitatu vya maputo. Si mia. Viwili au vitatu, lakini vinavyofanya kazi kila siku bila kukosa. Mwaka huo huo ripoti ya WMO, Benki ya Dunia na idara ya hali ya hewa ya Uingereza ilikadiria kwamba kiwango hicho kikifikiwa kote, faida kwa dunia inapita dola bilioni 5 kila mwaka.

Shida ya Afrika haijawa tu kukosa mashine. Mashine huja. Wafadhili huja nazo, utepe unakatwa, picha zinapigwa, waziri anahutubia. Baada ya miaka miwili betri imekufa, laini ya data haijalipiwa, paneli ya sola imeibiwa ikawasha televisheni ya mtu. Kwenye daftari la dunia kituo kipo. Kwa kweli kimenyamaza. Ndiyo maana ule mfuko uliotangazwa Glasgow 2021, unaoitwa SOFF, ulinipendeza kidogo kwa wazo lake: usilipe mashine peke yake, lipa pia uendeshaji, na uangalie kama data inaingia kweli. Mtaani tunaita hivyo kulipa kazi ikionekana.

Kuna njia nyingine ambazo hazihitaji waziri. Mradi wa TAHMO umekuwa ukiweka vituo vidogo vya hali ya hewa katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwemo, na mahali wanapopenda kuviweka ni shuleni. Wazo ni rahisi: shuleni kuna ua, kuna mlinzi, na kuna wanafunzi ambao kile kidude kinawahusu. Lengo lao ni vituo 20,000 barani. Wako mbali nalo, wana mamia, lakini kila kimoja ni rafu moja iliyopitiwa.

Nyingine ndiyo iliyonifurahisha kupita zote. Minara ya simu hutumiana mawimbi ya redio, mnara kwa mnara, na mvua ikipita katikati mawimbi yanadhoofika. Kadiri mvua inavyokuwa kubwa ndivyo yanavyodhoofika. Kwa kampuni ya simu hiyo ni kero. Kwa mtu wa hali ya hewa ni kipimo cha mvua ambacho tayari kimejengwa, kimelindwa na kina umeme. Burkina Faso walijaribu msimu wa mvua wa 2012 kwa kutumia kiungo kimoja cha kilomita 29, na kikanasa asilimia 95 ya siku zilizonyesha. Sasa hesabu minara unayoiona ukiwa juu ya gorofa Pipeline au Githurai. Tumezungukwa na vipimo vya mvua ambavyo vimeajiriwa kazi nyingine. Kinachohitajika ni kampuni kukubali kufungua zile rekodi, na serikali kuuliza kwa ukali kidogo.

Sitaki lakini kuuza ndoto kwamba data pekee inaokoa mtu. Tumeona. Mwaka wa 2023 Idara ya Utabiri ilionya mapema kuhusu El Niño. Oktoba, Rais William Ruto akaambia nchi kwamba wataalamu sasa wanasema haitafika kiwango cha kuharibu. Novemba mafuriko yakaja, na hadi msimu unaisha zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa. Kisha Aprili 2024 Mto Mathare ukavunja kingo usiku watu wakiwa wamelala. Siku chache baadaye, alfajiri ya Aprili 29, maji yakafagia kijiji karibu na Mai Mahiu na kuua makumi ya watu. Msimu huo wote uliua zaidi ya 200. Ilani za mvua kubwa zilikuwa zimetolewa.

Nimezungumza na majamaa wa Mathare kuhusu hizo ilani. Hawakusema hawakuzisikia. Walisema ilani ya "mvua kubwa Nairobi na nyanda za juu, Jumatatu hadi Ijumaa" haiwezi kumtoa mtu nyumbani. Aende wapi siku tano? Aache vitu na nani? Mmoja aliniambia angehama kwa dakika kumi kama mtu angempigia amwambie, "Maji yako hapo juu mtoni, yanakuja." Hiyo ndiyo tofauti kati ya ilani na ilani. Ile ya kaunti nzima kwa wiki nzima ni lugha ya mtu aliye na vipimo vichache, analazimika kusema kwa upana ili asikosee. Ile ya mtaa fulani, saa fulani, inahitaji rada, vipimo vya mvua mtoni juu, vipimo vya kina cha maji. Watu wakipata ya upana mara nane na mvua isiwaguse, ya tisa hawaamki. Mimi mwenyewe nisingeamka.

Kwa hivyo wale wanaosema tatizo ni siasa na si data wana nusu ya ukweli. Data dhaifu inampa mwanasiasa nafasi ya kuipinda, kwa sababu hakuna anayeweza kumwonyesha mtaa kwa mtaa kwamba anakosea.

Kitu ninachotaka ni kidogo, hata aibu kukiomba. Bunge linapoketi kupitia bajeti, na kaunti zinapoita wananchi kutoa maoni, mtu aulize: mwezi uliopita maputo mangapi yalirushwa Kenya, kati ya mangapi yaliyopaswa? Vituo vya ardhini vilivyotuma data kila saa ni vingapi, na vilivyonyamaza viko wapi? Majibu hayo yawekwe kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti ya idara kila mwezi, wazi, jinsi tunavyoona jedwali la ligi. Nikijua Marsabit haikurusha wiki mbili, nitajua utabiri wa kaskazini niusome vipi. Nikijua Nairobi ilirusha yote 60, nitaacha kelele.

Mzee wa mishipi nilimweleza haya yote siku moja biashara ikiwa baridi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza puto moja ni pesa ngapi. Nikamwambia. Akasema viatu vilivyoelea siku ile, kila mtu wa laini yetu akichanga hasara yake, tungenunua mawili na chenji ibaki. Mimi kwa sasa nimenunua nailoni, mita nne.